Rangi Mbichi, Usiguse

Usiku wa kuamkia leo niliota nimeitwa kliniki kwa kosa la kutolia vya kutosha.

Kabla sijafika huko, niseme mimi ni nani, maana ndotoni hakuna aliyejisumbua kuuliza. Naitwa Tusekile. Hapa Tukuyu wananiita Mama Atu, kwa sababu ya binti yangu Atuganile, na kabla hajazaliwa waliniita mke wa Mwalimu. Mwalimu ni marehemu mume wangu, Ambakisye. Alikuwa mkuu wa shule mpaka alipostaafu, na baada ya kustaafu akaendelea kuwa mkuu wa shule nyumbani.

Alifariki mwaka jana, wakati wa mvua. Msibani walisimama watu wakamsifu tangu asubuhi mpaka wapishi wakakasirika. Kila aliyemaliza kumsifu alinigeukia akaniambia nijikaze. Nikajikaza. Nilijikaza vizuri kiasi kwamba watu wale wale wakaanza kunong'ona: huyu mama mbona halii?

Atu, ambaye anafundisha watoto wa chekechea Mbeya mjini, alikwenda semina ya afya ya akili. Jana akaja na sanduku la rangi.

"Mama, wataalamu wanasema kuchora kunaponya."

"Kunaponya nini?"

"Kila kitu."

Nikamwonyesha goti langu linaloniuma. Hakucheka. Mtu akitoka semina inachukua muda kidogo kabla hajaanza kucheka tena.

"Shangazi ameniambia zamani ulikuwa unachora," akasema. "Chuoni. Kabla hujaolewa."

"Zamani nilikuwa naruka kamba pia."

Nikaliweka sanduku juu ya kabati, nikamshukuru, nikaenda kulala.

Basi, kliniki.

Kliniki iko pale ilipo ofisi ya mkuu wa shule, ila ukiingia ndani ni jikoni kwangu. Daktari ni brashi ya kuchorea. Ni mrefu, amevaa koti jeupe, nywele zimemnyonyoka, na chache zilizobaki zimekauka zikasimama wima. Nampa shikamoo, maana anaonekana ameteseka.

"Marahaba," anasema. "Mara ya mwisho umechora lini?"

"Kabla sijaolewa."

"Na uliolewa lini?"

"Zamani."

"Na tangu hapo hujaniosha."

Ninamtazama vizuri. Kumbe namfahamu. Ile mikwaruzo kwenye mpini ni alama za meno yangu. Namwambia samahani.

"Samahani hailainishi nywele," anasema. "Haya, kaa. Toa yaliyo moyoni."

"Nitoe vipi?"

"Mama, kila siku mnaambiana, toa yaliyo moyoni, toa yaliyo moyoni, kana kwamba ni vitunguu. Mimi siyo mshairi. Meza hiyo hapo. Toa, weka."

Nikaingiza mkono kwenye shingo ya gauni. Cha kwanza kutoka ni chupa ya chai, ya moto kabisa. Kikafuata kitenge cha sare ya msiba, hakijashonwa. Likafuata sufuria la wali, lile kubwa la kuazima. Kisha wakaanza kutoka akina mama wa umoja wa wanawake wa kanisani, mmoja mmoja, wakiinama wasijigonge kwenye mfupa wa bega langu, kila mmoja na kitabu cha nyimbo, tena wakiimba. Kila aliyetoka alinishika mkono.

"Jikaze, Mama Atu."

Akaenda kukaa kwenye benchi.

Baada yao akatoka kuku. Halafu kuku mwingine. Halafu jogoo, ambaye alitoka kwa madaha kama mgeni rasmi.

"Kuku wa nini?" akauliza daktari.

"Sijui."

Nilijua. Lakini siku ya kwanza kliniki mtu hasemi kila kitu.

Mwisho mkono wangu ukagonga kitu kigumu, kinalingana na kokwa la parachichi. Nikavuta. Hakikuja. Daktari akaweka koti pembeni akavuta. Akina mama wakashikana viuno wakavuta, bila kuacha wimbo. Jogoo akatazama. Kokwa halikutikisika.

"Hicho hakitoki kwa kuvutwa," akasema daktari, anahema. "Kinatoka kwa rangi yake. Kina rangi gani?"

"Sijawahi kukiona."

"Basi nenda kaziulize rangi zenyewe. Ziko kwenye mkutano. Na hii ni dawa yako: kijiko kimoja cha bluu baada ya chakula. Usinywe na maziwa, utapata samawati."

Nafungua mlango wa stoo. Nje yake ni darasa.

Rangi zimekaa kwenye madawati. Chuoni walitufundisha kwamba kuna rangi za joto na rangi za baridi. Mimi nilidhani ni namna ya kusema tu. Upande wa kulia rangi za joto zote zina homa. Zimejifunika blanketi na kila moja ina kitambaa kibichi kwenye paji la uso. Upande wa kushoto rangi za baridi zimevaa masweta na zinapuliza viganja. Mwenyekiti ni Nyeupe. Hana maneno mengi, ila kila anayemkaribia anapauka.

"Shida yako nini, mama?" akauliza.

"Nina kitu kimekwama hapa kifuani. Nadhani ni hasira."

Darasa zima likamgeukia Nyekundu. Nyekundu akakandamiza kitambaa kwenye paji.

"Mimi tena," akasema. "Mtu akikasirika, mimi. Kukiwa na hatari, mimi. Nyanya zikiiva, mimi. Sijawahi kupata hata Jumapili moja." Akanyanyuka hata hivyo, akachungulia kwa adabu kwenye shingo ya gauni langu, akarudi kukaa. "Siyo ya kwangu. Hasira yangu huwaka ikazimika. Hiyo imekaa mpaka ikaota mizizi."

"Sasa watasema ni huzuni, wanibambikie mimi," akasema Bluu. "Mimi ni wa sweta za shule na mbingu kidogo, siku ambazo hakuna ukungu. Na hapa kwenu siku hizo mnazijua zilivyo chache."

Nyeusi alikuwa ameketi nyuma, mtu mzima, mikono juu ya fimbo. Akasema kwa upole:

"Nilikuja msibani kwako, mama. Nilikuwa kwenye suti za watu wengi. Hicho kitu nilikiona. Siyo changu pia. Mimi huwa naalikwa kwa heshima tu."

Nikamshukuru kwa kuja. Yeye ndiye mtu wa kwanza kuzungumzia ule msiba bila kuniambia nijikaze.

"Hiyo ni rangi ya kuchanganya," akasema Njano. "Tunaoana. Mimi na Bluu tulioana, tukampata yule pale." Akamwonyesha Kijani, ambaye alikuwa dirishani anatazama migomba kama anatazama picha za ndugu zake.

"Na mkichanganyika wote?" nikauliza.

"Tunapata tope."

"Huo ndio ukoo," akasema Bluu.

Wote wakatikisa vichwa. Nikawafikiria mashemeji zangu, nikatikisa na mimi.

Nyeupe akaniuliza: "Huyo unayemkasirikia yuko wapi?"

Sikuwa nimemtaja mtu. Lakini kwenye mikutano ya aina hii kila mtu anajua habari zako.

"Amefariki," nikasema.

"Sijauliza hilo."

Akasimama, akaenda ubaoni, akachora barabara kwa kidole. Aliichora kama tulivyofundishwa chuoni: kingo mbili pana huku chini, zinakaribiana kadiri zinavyokwenda mbali, mpaka zinakutana kwenye nukta moja. Mkufunzi wetu alikuwa anasema, hapo ndipo vitu hutoweka.

"Kila anayetoweka yuko hapo," akasema Nyeupe. "Nenda."

"Huo ni ubao."

"Panda."

Nikakunja pindo la gauni, nikapanda ubao, nikaingia barabarani.

Ni barabara ya Tukuyu kabisa, ya vumbi jekundu na mashamba ya chai pande zote mbili. Natembea. Kanuni inasema vitu vya mbali huwa vidogo, basi kila ninavyokwenda mbali nazidi kuwa mdogo. Mikono inakuwa ya mtoto, kisha ya mwanasesere. Goti nalo linakuwa dogo na maumivu yake yanapungua, kwa hiyo sayansi ile ya semina haikuwa uongo mtupu. Nageuka nyuma. Akina mama wa umoja wananifuata, nao wamekuwa wadogo, na wimbo wao sasa unasikika kama mbu.

"Jikaze," anasema mbu mmoja sikioni mwangu.

Nampiga kofi. Anakwepa.

Mbele, pale kingo zinapokutana, naona kitu kama punje ya harage. Nikikaribia naona harage limevaa suti ya kahawia. Ni suti tuliyomzika nayo. Baba Atu amekaa kwenye kiti chake cha mikono, kile ambacho hakuna mtu mwingine aliyewahi kukikalia, hata yeye alipokuwa safarini.

Kwa mara ya kwanza katika ndoa yetu nilimwona mdogo.

Nilisimama nikafurahia kidogo. Halafu nikafika, na nilipofika tukawa sawa, maana pale sote tulikuwa maharage.

"Mama Atu," akasema. "Umechelewa. Chai iko wapi?"

"Baba Atu, wewe umekufa."

"Najua. Nimeuliza chai."

"Iko mezani kliniki."

Akatikisa kichwa kwa ile subira yake ya kumsikiliza mwanafunzi anayedai amesahau daftari nyumbani. Mimi nilikuwa nimeshaona kitu kingine. Mbele ya kiti chake kulikuwa na turubai tupu la kuchorea limesimama kwenye miguu mitatu, na chini yake kopo la maji. Kando ya kopo amelala daktari, amevua koti.

"Nioshe," akasema.

Nikamwosha. Nilimsugua taratibu kwa vidole mpaka maji yakawa na rangi ya miaka mingi. Akashusha pumzi kama mtu aliyetoka safari ndefu akakuta maji ya moto yamewekwa bafuni. Kisha akanyamaza, akawa brashi tu.

"Unataka kufanya nini?" akauliza Baba Atu.

"Nataka kukuchora."

"Mimi sina muda wa —"

Chuoni kulikuwa na kanuni: anayechorwa hasemi. Mkufunzi aliisema kwa sababu mtu akisema uso unacheza. Sikujua kwamba huwa inatekelezwa. Baba Atu alifika kwenye "muda wa" na mdomo ukaondoka. Haukufumba, uliondoka. Pale ulipokuwa pakawa laini kama mgongo wa kijiko.

Macho yakamtoka.

"Utaupata nikifika hapo," nikamwambia. "Nitaanzia juu."

Mwalimu mkuu, bila mdomo, na hakuna pa kwenda. Nikavuta kigoda. Sikuwa na haraka yoyote.

Nikaanza na nywele. Nikachora mvi zile ambazo alikuwa anasema ni vumbi la chaki. Mkono ulikuwa mzito mwanzoni, mistari inakwenda inakotaka. Nikamwacha akasikia kimya kidogo, maana nacho hakukizoea. Halafu nikasema.

"Baba Atu, unaukumbuka ubao wangu wa picha?"

Akapepesa macho.

"Wanawake wa sokoni wanakimbia mvua, kila mmoja ana jani la mgomba kichwani. Niliuchora mwaka wangu wa mwisho chuoni. Mkufunzi aliutundika ukumbini, wazazi wakija wanauonyeshwa. Tulipooana nilikuja nao juu ya lori nimeukumbatia, godoro nikaliacha lijishike lenyewe. Wiki ile ile ukauchukua ukaezekea banda la kuku."

Akatazama pembeni. Sina uhakika kama anayechorwa anaruhusiwa.

"Tazama mbele. Ukawaambia wageni, 'Mke wangu amekuja na ubao mzuri sana, haupitishi maji.' Wageni wakacheka. Na mimi nikacheka. Nikawaletea chai. Halafu kila asubuhi nikawa nakwenda kuokota mayai, na kila asubuhi namkuta mwanamke mmoja wangu amepungua. Mvua ilikuwa inawachukua. Leo hana jani, kesho hana mkono. Aliyebaki mwisho alikuwa mmoja tu, amevaa njano, anakimbia peke yake, na hata hana anakokimbilia. Siku alipoondoka yeye nilipika mayai yote. Ulisema yamekolea chumvi."

Nikachora paji la uso. Nikachora nyusi.

"Na hukuwa mtu mbaya. Hapo ndipo kilipokwama. Ungekuwa mlevi ningerudi kwetu na watu wangenipokea. Ungekuwa unapiga, wazee wangekaa kikao. Lakini wewe ulikuwa mtu mzuri. Kila mtu amesema, walisema mpaka wapishi wakanuna. Sasa mimi nisimame msibani niseme nini? Kwamba namkasirikia mtu mzuri kwa ajili ya banda la kuku? Nikanyamaza. Wakaniambia nijikaze. Mimi nilikuwa nimejikaza tangu siku ya lori."

Nikafika shavuni. Nikachovya brashi, na hapo nikagundua sina rangi. Zote zilibaki mkutanoni na homa zao na masweta yao. Nikaigusisha brashi turubai hivyo hivyo, ikiwa tupu, kwa sababu mkono ulikuwa umeshaanza na haukutaka kusimama.

Kokwa likatikisika.

Likashuka begani, likapita kwenye kiwiko, nikalihisi kwenye kifundo cha mkono kama mtu anayepita mlango mwembamba na mzigo. Likaingia kwenye mpini wa brashi. Likatokea kwenye nywele zake, laini, likakaa kwenye turubai.

Ndipo nikaiona rangi yake. Haikuwa nyekundu wala nyeusi. Ilikuwa rangi ya chai ya maziwa iliyosahauliwa dirishani mpaka ikafanya ngozi juu.

Na ilikuwa rangi ya shavu lake, sawasawa, ile ya asubuhi kabla hajanyoa ndevu. Nikapaka. Miaka yote hiyo nimebeba kitu nikidhani ni hasira tupu, kumbe ndani yake kulikuwa na shavu la mtu.

Maji yakaanza kunitoka machoni. Hayakuniomba ruhusa. Yalidondoka kwenye rangi, rangi ikalainika, ikaanza kwenda vizuri. Hata hilo walitufundisha chuoni: rangi ikiwa nzito, ongeza maji. Sikulia kwa sababu ya semina. Nililia kwa sababu shavu lilikuwa limebaki nusu.

Mbu wakaja. "Jikaze, Mama Atu."

"Nyie nendeni mkaimbe huko," nikawaambia. Wakaenda.

Nikachora masikio. Nilichukua muda wangu kwenye masikio, nikayafanya makubwa, yenye nafasi. Baada ya hapo pakabaki mdomo.

Midomo ilikuwapo ya kuchagua. Kulikuwa na ule wa hotuba, mpana, wa siku ya kufunga shule. Kulikuwa na ule wa wageni, unaosema karibuni na huku unanitafuta mimi jikoni. Na kulikuwa na mmoja niliouona mara moja tu, siku Atu alipozaliwa. Alikuja wodini amebeba sufuria ya uji aliopika mwenyewe, una mabonge mabonge kama changarawe. Akasimama mlangoni mbele ya wanawake wote wale, na hotuba ikamkimbia. Mdomo ulikuwa wazi kidogo, hauna kitu cha kusema.

Nikauchora huo.

Alipoupata hakuuliza chai. Akakohoa. Akaugusagusa kwa ulimi, kujua kama umekaa vizuri.

"Sikujua," akasema.

"Hukuuliza."

"Ungesema."

"Wageni walikuwepo."

"Miaka yote hiyo?"

"Wageni hawakuisha, Baba Atu. Wewe ndiye uliyekuwa unawaleta."

Akafikiri. Nilikuwa simjui akifikiri kwa muda mrefu namna ile bila kumtuma mtu chaki.

"Hapo kweli," akasema.

Akanyanyuka kwenye kiti chake, akazunguka, akasimama nyuma yangu. Akaitazama picha. Nilikuwa nasikia anavyopumua, na nikakumbuka kwamba nilikuwa nimesahau namna anavyopumua.

"Masikio umeyafanya makubwa."

"Ndivyo yalivyo."

Akayashika yote mawili, akayapima kwa vidole.

"Basi sikuyatumia," akasema. Halafu akasema, "Pole, Tuse."

Jina hilo hakuwa ameniita tangu kabla sijawa mama wa mtu. Na neno pole nimeambiwa na wilaya nzima, wengine mara mbili mbili, hata mtu mmoja aliyekuja msibani kwa kukosea njia. Sijui kwa nini la kwake tu ndilo lililokuwa na uzito.

"Umenisamehe?"

"Nafikiria. Kaa, sijamaliza kola."

"Lakini ni mimi kabisa," akasema, uso ameusogeza karibu na turubai. "Hata hapa. Hapa ulijuaje?"

"Rangi mbichi, Baba Atu, usiguse."

Akagusa.

Mwanaume wa umri wake ukimwambia kitu ni kibichi lazima ahakikishe. Aliweka dole gumba zima kwenye shavu, akalitoa, akalitazama, kisha akaanza kutafuta pa kulifutia. Pembeni yetu kulikuwa na fremu ya mlango imesimama peke yake, bila ukuta, bila nyumba. Alikuwa mtu mrefu. Akainua mkono juu kabisa, kama wafanyavyo watu warefu wasiofikiria nani atapanda kigoda kusafisha, akafuta dole lake pale.

"Siyo hapo!"

Nimeamshwa na sauti yangu mwenyewe.

Kumekucha, jua limeingia mpaka kitandani. Atu akafungua mlango wa chumba mbio, ana unga mikononi.

"Mama! Umeita?"

"Nilikuwa naongea na baba yako."

Uso wake ukawa wa semina papo hapo. Akaketi pembeni ya kitanda, akaweka sauti ile wanayofundishwa.

"Anasemaje?"

"Amesema pole."

Nadhani jibu hilo halikuwemo katika mafunzo. Akanitazama usoni, akauona mto wangu ulivyolowa, akanyoosha kidole akanifuta shavu, akaniachia unga.

Mimi nilikuwa natazama mlango nyuma yake. Juu ya fremu, palipo juu kuliko kichwa cha Atu, kulikuwa na doa.

"Atu, hebu panda kigoda. Pale juu pana nini?"

Akapanda. Sisi wawili ni wafupi, amenifuata mimi. Akalitazama doa kwa karibu.

"Ni dole, mama. Dole gumba. Mpaka mistari inaonekana." Akaligusa kwa ncha ya kidole, akakitazama kidole chake. "Bichi."

"Rangi gani?"

"Kama... kama chai ya maziwa iliyolala."

Akashuka, akaenda sebuleni. Nikamsikia anavuta kiti, anashusha sanduku juu ya kabati. Akarudi amelikumbatia, na utepe wa gundi umezunguka pande zote kama ulivyotoka dukani.

"Mama, hili halijafunguliwa."

"Hata lingefunguliwa. Rangi hiyo haimo humo. Ni ya kuchanganya."

Akachukua kitambaa cha vumbi kilichokuwa dirishani akakielekea kigoda. Ni mtoto niliyemlea mwenyewe, akiona doa hawezi kutulia.

"Usifute," nikamwambia.

Wakati huo huo nje kukapigwa hodi. Akina mama wa umoja. Nilizitambua sauti, ingawa asubuhi hii zilikuwa kubwa kuliko nilivyozizoea.

"Hodi humu! Mama Atu! Tumekuja kukujulia hali!"

Mwili wangu ulikuwa umeshaanza kunyanyuka. Unajua njia wenyewe: kitenge, viatu, jikoni, birika, tabasamu. Nikauambia ukae. Ukashangaa, ukakaa.

"Wakaribishe," nikamwambia Atu. "Wape chai. Waambie Mama Atu yupo, hajambo, ila anafanya kazi."

"Kazi gani, mama?"

"Niachie hilo sanduku. Na uniletee kisu, na kopo la maji."

Akanitazama kidogo, halafu akacheka, kicheko chake cha zamani. Akaleta kisu, akaleta kopo, akaenda kuwapokea wageni. Nikawasikia wanaketi, wanauliza kama kweli sijambo, wanashauriana kuhusu kujikaza.

Nikaufunga mlango taratibu, nimeushikia chini, maana pale juu palikuwa bado pabichi.